Baraka Arobaini za Kubana

Ipo nchi ambayo jina lake haliandikwi bila kibali, na ofisi inayotoa kibali hicho imefungwa kwa ukarabati tangu mwaka ule paa lake lilipoezuliwa na upepo. Kwa hiyo itaitwa nchi tu, na wenyewe watajitambua. Ni nchi ya watu wapole na hewa safi. Usafi wa hewa hiyo si jambo la kubahatisha; umewekwa katika Sheria ya Hewa, kifungu cha nne, kinachosema kwamba hewa ya nchi ni safi. Magonjwa yanayosafiri kwa hewa hayakukatazwa kusafiri. Kilichokatazwa ni kusema kwamba yamefika.

Katika nchi hiyo palikuwa na Hospitali Kuu, na katika Hospitali Kuu palikuwa na Wodi ya Kifua, na muuguzi mfawidhi wa wodi hiyo aliitwa Nyamizi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, ndogo kiasi kwamba wagonjwa walilazimika kunyamaza ili wamsikie, na kwa sababu hiyo wengi walidhani ni mkali. Hakuwa mkali. Alikuwa na mpangilio. Kila asubuhi alifungua dirisha la mashariki kwanza, kisha la magharibi, hewa ikapita, ndipo akagawa vidonge. Wala hakuwa mwepesi wa kulaumu. Mtu akimkanyaga, alitazama kwanza kama mguu wake mwenyewe ulikuwa mahali pake.

Habari za barakoa Nyamizi hakufundishwa na mtu. Alizisoma kwenye ile karatasi nyembamba inayokunjwa mara nane na kuwekwa chini ya boksi, ambayo watu wengine huitupa pamoja na boksi. Yeye aliikunjua, akaipiga pasi, akaisoma mwezi mzima. Humo alijifunza kwamba barakoa ni za aina mbili. Ipo ile nyepesi inayoning'inia, anayovaa mgonjwa ili akikohoa, mate yasiruke mbali. Na ipo ile ngumu ya kubana, anayovaa mhudumu, inayoshika uso pande zote ili hewa anayovuta ipite kwenye kitambaa chenyewe na si pembeni. Ya kwanza inamlinda mwenzako dhidi yako. Ya pili inakulinda wewe. Nyepesi zilikuwapo. Za kubana zilikwisha tangu mvua za kwanza.

Wauguzi wa wodi hiyo walikuwa wanne, na kila mmoja alibaki na barakoa moja ya kubana aliyoivaa kwa wiki saba. Ya Nyamizi ilikatika mpira wa nyuma, naye akaushonea lastiki ya sketi. Ilikaa, lakini ilikaa kama sketi: ikibana hapa, inalegea pale.

Wiki ya nane, muuguzi mdogo kuliko wote akaanza kukohoa.

Huyo jina lake lilikuwa Sikujua. Alipewa na bibi yake, kwa sababu mama yake alifikisha miezi saba bila kujua kuwa ni mjamzito. Alikuwa binti mcheshi, mwepesi wa mikono, na wagonjwa walipenda zamu zake. Nyamizi alimsikia akikohoa Jumatatu, akamsikia Alhamisi, akamsikia Jumatatu ya pili. Hapo akamwita pembeni.

"Kikohozi hicho kina siku ngapi, mwanangu?"

"Vumbi tu, dada."

"Sijauliza ni cha nini. Nimeuliza kina siku ngapi."

Sikujua akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Nyamizi akampa kikopo cha makohozi na barakoa nyepesi, akamhamishia barazani, penye upepo, ajaze kadi za wagonjwa. Kisha akakaa chini kuandika barua ya kuomba barakoa arobaini za kubana, kabla wale watatu waliobaki hawajamfuata Sikujua barazani.

*

Barua haikutosha. Pale masjala ya Wizara ya Afya na Utulivu alipewa fomu, na karani akaisoma pamoja naye, kwani utaratibu ulitaka fomu isomwe kwa sauti.

"Sababu ya ombi?"

"Mtumishi anakohoa."

"Jina la mtumishi anayekohoa?"

"Sikujua."

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, wewe ndiye mfawidhi. Mtumishi wako anakohoa na hukujua jina lake?"

"Ninalijua. Ni Sikujua."

"Sasa unajua au hukujua?"

"Mimi ninajua. Yeye ndiye Sikujua."

Karani alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyefanya kazi muda mrefu bila likizo, akaandika: *Jina halijulikani, mfawidhi anaelekea kuchoka.* Nyamizi aliona hayo yameandikwa kichwa chini miguu juu, kutoka upande wake wa meza, akafikiri kidogo, akaona nusu ya pili si uongo. Akapiga sahihi.

Fomu ikapanda ghorofa. Siku ya tisa jibu likaja, kwa bahasha yenye mihuri mitatu. Wenzake walimzunguka akiifungua.

*Ombi lako la BARAKA arobaini (40) za kubana limekubaliwa,* waraka ulisema. *Kila mtumishi apewe baraka mbili kwa siku, moja mwanzo wa zamu na nyingine katikati ya zamu. Baraka ifunike pua na mdomo, ishike uso pande zote, isiache nafasi pembeni. Baraka iliyotumika isirudiwe. Itupwe katika chombo chenye mfuniko.*

Nyamizi alisoma mara tatu. Maneno yote yalikuwa yake. Yalikuwa yamehamishwa neno kwa neno kutoka kwenye barua yake, hata ile sehemu ya mfuniko. Ni herufi moja tu iliyokuwa haipo.

"Labda wamekosea kuchapa," alisema mmoja wa wenzake.

"Labda," Nyamizi alisema. "Tungoje tuone kitakachokuja kwenye gari."

*

Kwenye gari walikuja Maalim Shekue na Mchungaji Anyosisye.

Walikuwa watu wazima wawili waliofahamiana miaka mingi kwa kukutana kwenye ufunguzi wa madaraja na visima, ambako mmoja huomba mwanzo na mwingine huomba mwisho. Safari hii walikuwa wameshika nakala ya waraka, na nyuma yao alisimama mkaguzi wa Wizara mwenye rejesta.

"Shikamoo, Maalim. Shikamoo, Mchungaji," Nyamizi alisema.

"Marahaba, mama," walijibu pamoja. Kisha Mchungaji akamvuta kando kidogo. "Mama, nikuulize jambo. Nimesoma chuo miaka minne, nimebariki ndoa, nyumba, hata trekta. Baraka ya kubana ndiyo ipi?"

"Mchungaji, mimi niliomba barakoa."

Mchungaji akatazama waraka, akamtazama Maalim. Maalim akatoa miwani, akaweka kidole juu ya neno, akalisindikiza kwa kidole mpaka mwisho wake.

"Imekatwa O," alisema. "Lakini hapa chini pana sahihi ya Waziri."

"Na penye sahihi ya Waziri," alisema mkaguzi, "hapana kilichokatwa. Tuanze. Zamu imeshaingia."

Wakaanza. Ili baraka ishike uso pande zote, Mchungaji alilazimika kumkamata kila muuguzi mashavuni kwa mikono miwili, na mkaguzi akainama kuangalia kama pana mwanya. Rejesta ilikuwa na safu tatu: *Jina*, *Amebanwa (Ndiyo/Hapana)*, na *Baraka imetupwa*. Safu ya tatu ilileta mjadala. Mkaguzi alishikilia kwamba baraka ya asubuhi lazima itupwe kabla ya kupewa ya mchana. Mchungaji alisema hajawahi kumwona mtu aliyetupa baraka akabaki salama. Mwishowe Maalim, ambaye alikuwa hodari wa kusuluhisha, akapendekeza muuguzi afunue ule mfuniko wa chombo, apumue ndani mara moja, aufunike tena. Mkaguzi akaridhika. Akaandika: *Imetupwa.*

Wauguzi wanne, baraka mbili kwa siku, ni baraka nane. Baraka arobaini zikaisha siku ya tano, saa sita na nusu mchana. Mkaguzi akafunga rejesta akaondoka. Siku ya sita wale wazee wawili wakaja wenyewe, bila waraka, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuwazoea watu wa pale.

Maalim alisimama nje ya dirisha la magharibi, haingii.

"Karibu ndani, Maalim," Nyamizi alimwambia.

"Nimesoma ile karatasi yako uliyobandika ukutani," Maalim alisema. "Inasema ndevu na barakoa ya kubana havipatani, hewa inapita katikati ya nywele. Mimi ndevu zangu sizipunguzi. Basi nitaomba dua nikiwa hapa hapa. Dua haizuiwi na wavu wa mbu."

"Na Mchungaji?"

"Mimi sina ndevu," alisema Mchungaji kutoka nyuma yake, "lakini sina barakoa pia. Tutasimama wote nje. Na wewe mama, usikae ukitungojea sisi. Tunakuombea, lakini hiyo lastiki ya sketi naiona kutoka huku."

Barazani Sikujua alicheka, akakohoa, akageukia ukutani.

*

Kesho yake Nyamizi alivaa viatu vyake vya kwenda mjini, akaenda kuitafuta ile O.

Kila mtu aliyemuuliza alimwelekeza Ofisi ya Usahihi wa Nyaraka. Ofisi hiyo ndiyo inayosoma kila barua ya serikali kabla haijasainiwa, na tangu ilipoanzishwa haijawahi kukosea, kwa sababu makosa yote hupelekwa kwake yahakikiwe, nayo huhakiki kwamba si makosa. Msahihishaji Mkuu alikuwa Bwana Mgalula, mtu mwembamba, muungwana, aliyekaa katikati ya majalada yaliyofika darini. Alimpa mgeni kiti, akamwagizia chai.

"Nakumbuka jalada lako vizuri sana," alisema. Sauti yake ilitoka kwa mbali, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. "Barua safi, mwandiko mzuri. Ila neno moja lilikuwa na uvimbe. Tazama. Bara-ko-a. O imekaa katikati haina kazi. Nilijua ulikusudia baraka. Nikaitoa."

"Nilikusudia barakoa, bwana."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nyamizi alikuwa anamtazama usoni. Tangu aingie alikuwa akijiuliza kwa nini sauti ya Bwana Mgalula inatoka mbali, na sasa aliona: alikuwa amevaa barakoa ya kubana. Mpya. Mpira wake bado mweupe.

"Samahani, bwana. Hicho ulichovaa puani kinaitwaje?"

"Hiki?" Bwana Mgalula akakigusa. "Hiki ni Kizuia Vumbi cha Majalada. Tunaletewa boksi kila mwezi. Majalada haya yana vumbi kali, mama, utashangaa. Mapafu ya msahihishaji ni mali ya taifa."

"Na hospitali inaweza kuomba Kizuia Vumbi cha Majalada?"

"Inaweza, ikiwa na vumbi. Hospitali yenu ina vumbi?"

"Hapana. Tunapiga deki mara tatu kwa siku."

"Basi mmejikosesha wenyewe." Alisema kwa masikitiko ya kweli.

Nyamizi alikunywa chai kidogo. "Ingewezekana kunirudishia ile herufi?"

Bwana Mgalula akavuta mtoto wa meza, akatoa kopo la maziwa lililoandikwa *Herufi Zilizozidi*. Ndani yake palikuwa na vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa wembe: R nyingi, L nyingi zaidi, H chache, na O moja iliyokatwa vizuri, ya mviringo. Nyamizi aliitambua. Ilikuwa ya mwandiko wake.

"Ndiyo hii. Lakini kuirudisha siwezi," alisema Bwana Mgalula. "Herufi ikirudi, maana yake haikupaswa kutoka. Kama haikupaswa kutoka, basi kuna aliyekosea. Aliyeitoa ni Ofisi. Na Ofisi haikosei. Umeona ilivyo ngumu? Si kwamba sitaki."

"Nimeona," alisema Nyamizi, na kweli aliona. Hakumchukia. Alimwona kama mtu aliyejenga chumba kizuri akasahau kuweka mlango.

Alipokuwa anasimama kuaga, Bwana Mgalula, ambaye maongezi yalikuwa yamemlainisha, akaongeza: "Kama ni hivi vya usoni unavyovitaka, vimejaa Itifaki. Ni vya msafara wa Waziri anapotembelea sehemu zenye watu. Kule vinaitwa Heshima ya Uso. Sitini kwa kila ziara, kwa sababu msafara ni watu sitini."

"Ahsante sana, bwana."

"Kwa lipi?"

"Kwa chai," alisema Nyamizi.

*

Siku ile aliporudi wodini, majibu ya makohozi yalikuwa mezani. Alisoma, akaikunja karatasi, akaenda barazani.

"Umeyapata maradhi," alimwambia Sikujua.

"Yale yale ya hawa wa ndani?"

"Yale yale. Yanatibika. Utaanza vidonge leo, mbele yangu, na kesho, na kila siku."

"Mimi ninawagawia wagonjwa vidonge, nikiwaambia msiruke hata siku moja." Alitazama viganja vyake. "Dada, ile barakoa yangu ilikuwa imetoboka hapa pembeni. Niliona. Nikasema, si kidogo tu?"

"Hukukosea wewe," alisema Nyamizi.

Aliporudi mezani alichukua karatasi safi akaandika barua, na kwa kuwa hakupenda kusema uongo, aliipima kila sentensi kabla ya kuiweka. *Mheshimiwa Waziri, baraka ulizoidhinisha zilitolewa zote, mbili kwa siku, kwa kila mtumishi. Zimeandikwa katika rejesta. Tunakuomba ufike Wodi ya Kifua ujionee mwenyewe matokeo yake.*

Barua hiyo haikukatwa herufi hata moja. Jibu lilikuja siku ya pili. Waziri angefika Jumamosi.

Ijumaa yakaja maboksi mawili kutoka Itifaki: *Heshima ya Uso, 60*. Afisa wa itifaki aliyeyaleta, kijana aliyenyooka kama rula, alitaka sahihi.

Wenzake Nyamizi wawili waliyatazama yale maboksi kama watu wanavyotazama chakula cha mwingine.

"Dada, tuvae moja moja tu leo."

"Zimeandikwa za msafara," alisema Nyamizi. "Mpaka msafara uje, si zetu. Tukizichukua leo, tutapata tatu na kesi. Vumilieni mpaka kesho." Akazifungia kabatini, akajifunga lastiki yake, akaingia kugawa vidonge. Usiku ule hakulala vizuri, ila hilo halikuwamo kwenye ratiba ya ziara.

*

Waziri wa Afya na Utulivu alikuwa maarufu kwa ndevu zake. Zilikuwa ndefu, nyeusi kwa amri, na zilichorwa kwenye stempu ya barua za ndani. Watoto wa shule walizichora kabla ya kujifunza kuchora mlima. Aliposhuka garini, ndevu zilishuka kwanza.

"Hii ndiyo wodi yenye baraka?" aliuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Nyamizi. "Shikamoo. Kabla ya kuingia kuna kipimo kidogo."

Afisa wa itifaki akapekua ratiba. "Kipimo hakimo."

"Kimo kwenye karatasi ya ndani ya boksi," alisema Nyamizi, akaionyesha, ile iliyopigwa pasi. "Boksi ni la Itifaki."

Afisa akaifunga ratiba. Waziri, aliyependa kuonekana akipimwa, akaketi kwenye kiti barazani. Nyamizi akamvalisha Heshima ya Uso, akaikaza mipira yote miwili, akaibana kwenye mfupa wa pua. Kisha akamfunika kichwa kwa kofia kubwa aliyoishona mwenyewe kutokana na koti la mvua linaloonyesha, yenye tundu dogo mbele. Mkononi alikuwa na chupa ya marashi iliyooshwa, yenye maji matamu.

"Mheshimiwa, utapumua kwa mdomo, utageuza kichwa polepole, kisha utasema maneno yoyote."

Maneno Waziri alikuwa nayo mfukoni. Akakunjua hotuba ndani ya kofia, na Nyamizi akawa anapuliza yale maji matamu kupitia tundu, fu, fu, fu.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema, "nchi yetu inapumua. Ilipumua jana, inapumua leo, na wale wanaosema haipumui, ninawauliza, wanasema kwa pumzi ipi? Serikali haikumpa mtu barua. Imempa baraka. Baraka ya kubana. Baraka isiyopitisha..." Akalamba midomo ndani ya ndevu. "Tamu," alisema.

Afisa wa itifaki akageukia msafara. "Mheshimiwa amesema ni tamu."

Makofi yakapigwa. Nyamizi akafungua mdomo kueleza, lakini sauti yake, kama ilivyojulikana, ilihitaji watu wanyamaze, na hawakunyamaza. Akamvua Waziri kofia, akamwita wa pili. Wa pili alikuwa Katibu Mkuu.

"Karibu uvae, bwana."

"Hakuna haja," alisema Katibu Mkuu. "Kwangu pia ni tamu."

"Hujapimwa bado."

"Mama, kama kwa Waziri ni tamu, kwangu itakuwa chungu?"

Wa tatu alisema tamu sana. Wa nne alisema tamu ya ajabu, haijapata kutokea. Mpiga picha alisema tamu bila kuondoa jicho kwenye kamera. Dereva mmoja, mwenye mafua, alisema hasikii kitu tangu Jumatano ila anaunga mkono. Kwa kuwa alikuwa na mpangilio, Nyamizi aliwaandika wote, jina na jibu, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukurasa ukajaa. Sitini kati ya sitini: tamu.

Ndipo wakanyamaza, kwa sababu Waziri aliinua mkono.

"Haya, muuguzi. Toa matokeo."

"Mheshimiwa," alisema Nyamizi, "barakoa ikikaa sawasawa, anayeivaa hasikii ladha yoyote. Akisikia utamu, maana yake hewa inapita pembeni. Panapopita maji matamu, hupita na hewa ya humo ndani." Akatazama daftari. "Kwa kipimo hiki, hakuna anayeruhusiwa kuingia."

Wale waliokuwa karibu na mlango wa wodi wakapiga hatua moja nyuma, kwa adabu.

"Hewa ya humo ndani ina nini?" Waziri aliuliza. "Hewa ya nchi ni safi. Kifungu cha nne."

"Ni safi, Mheshimiwa. Lakini ilimpata Sikujua."

"Hukujua vipi? Wewe ndiye mfawidhi."

"Ni mimi, Mheshimiwa," alisema Sikujua kutoka kwenye meza yake ya kadi, akasimama kwa heshima na barakoa yake nyepesi. "Mimi ndiye Sikujua. Nilipewa baraka kumi, zote za kubana, ziko kwenye rejesta." Akageukia ukutani akakohoa, mara mbili tu, kwa kujizuia.

Msafara ukapiga hatua ya pili, safari hii bila adabu. Waziri alizishika ndevu zake kwa mkono mzima, kama mtu anayeshika mtoto kwenye umati.

"Tatizo langu hasa ni nini?" alimuuliza Nyamizi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo kama ya muuguzi.

"Ni ndevu, Mheshimiwa. Barakoa haishiki ngozi."

"Na dawa yake?"

"Kunyoa."

Mpiga picha aliishusha kamera. Afisa wa itifaki, kijana wa watu, alifumba macho. Waziri akatazama mlango wa wodi, akaitazama stempu iliyokuwa kwenye bahasha mezani, akatazama tena mlango.

"Ziara imekamilika," alisema. "Nimejionea."

Dakika nne baadaye hapakuwa na gari hata moja. Yalibaki maboksi mawili, na ndani yake Heshima ya Uso hamsini na tisa ambazo hazikufunguliwa. Nyamizi alimpigia simu afisa wa itifaki kuuliza arudishe au abaki nazo. Kijana akasema zilizopelekwa sehemu yenye kikohozi hazirudi Itifaki, katu, na akaomba simu hiyo isihesabiwe kuwa imepigwa.

Nyamizi akatoa tatu kwenye boksi la kwanza. Wauguzi watatu wakapimwa, mmoja baada ya mwingine, chini ya koti la mvua. Hakuna aliyesikia utamu.

*

Taarifa ya ziara ilisomwa redioni. Waziri alikuwa ameikuta baraka wodini, ameivaa kwa uso wake mwenyewe, na ameiona ni tamu.

Taarifa hiyo ikaifikisha Ofisi ya Usahihi wa Nyaraka kwenye kona. Kama Waziri aliidhinisha baraka, na Waziri akavaa baraka, basi kile kitu cha usoni ni baraka, na ndivyo kitakavyoitwa. Bwana Mgalula alikesha juu ya jambo hilo. Likabaki swali dogo: ile inayoombwa kwa Mungu, isiyovaliwa, itaitwaje, sasa kwa kuwa jina lake limechukuliwa? Akakumbuka kopo lake. Akaitoa ile O, akaitazama, akafurahi kwamba imepata kazi.

Tangazo likatoka kwenye Gazeti la Serikali. Tangu siku hiyo, katika nchi hiyo, baraka huvaliwa puani na barakoa huombwa kwa Mungu. Kwenye harusi watu wazima huwaambia maharusi, "Mungu awape barakoa na watoto wengi." Mchungaji Anyosisye alihitaji majuma mawili kabla ya kulisema bila kucheka. Maalim Shekue alisema hana wasiwasi. Mwenyezi Mungu alikuwapo kabla ya Gazeti la Serikali na anajua anachoombwa.

Na kila mwezi, wakati Nyamizi alipoomba baraka arobaini za kubana, zililetwa baraka arobaini za kubana, kwa gari, ndani ya boksi, na karatasi nyembamba chini yake. Hakuna aliyeomba radhi, wala Nyamizi hakungoja aombwe. Alizikunjua zile karatasi, akazipiga pasi, akazigawa wodi nyingine.

Sikujua alikunywa vidonge kila siku, mbele yake, bila kuruka. Mwezi wa pili ulipoisha makohozi yake yalipimwa, yakarudi safi, yakapimwa tena. Vidonge vilikuwa bado vinaendelea, lakini daktari alimruhusu kurudi kazini. Alikuja Jumatatu asubuhi, amekonda, nguo ya kazi inamcheza mabegani. Nje ya dirisha la magharibi wazee wawili walikuwa wamesimama.

"Umerudi, binti," alisema Mchungaji. "Mungu akuzidishie barakoa."

"Amina, Mchungaji. Na dada ananipa baraka."

Nyamizi alimvalisha. Mpira wa juu, mpira wa chini, kipande cha bati kikabanwa kwenye mfupa wa pua. Kisha akamzungushia viganja viwili usoni, kama Mchungaji alivyofanya zile siku tano za rejesta, ila sasa palikuwa na kitu katikati.

"Puliza."

Sikujua akapuliza. Nyamizi akasikiliza kwa vidole, shavu la kulia, shavu la kushoto, chini ya kidevu, na hasa pale pembeni palipokuwa pametoboka mara ile.

"Inapita?" Sikujua aliuliza, kwa sauti iliyotoka mbali.

"Puliza tena," alisema Nyamizi. Akasikiliza tena.

"Haipiti," alisema. "Kafungue dirisha. La mashariki kwanza."